Ufundi Ni Faradhi Tuliyoiacha

 

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji yote ya mwambao, darsa yetu ya juma hili ilisimama juu ya aya mbili za Sura ya Saba-i, ya kumi na ya kumi na moja, na kwa kuwa yaliyosemwa yanawakhusu wengi wasiohudhuria, tumeona yafaa tuyaandike. Katika aya hizo Mwenyezi Mungu anatupa khabari ya Nabii Daud (a.s.), kwamba alimlainishia chuma, kisha akamuamrisha atengeneze deraya zilizotimia na apime sawasawa katika kuziunga pete zake. Na papo hapo, bila ya kutengana, ikafuata amri ya kutenda mema.

Lizingatieni neno hilo la kupima. Wafasiri, akiwamo Mujahid, wameeleza kuwa makusudio yake ni msumari wa ile pete: ukiwa mwembamba utalegea katika tundu lake, na ukiwa mnene utaipasua pete yenyewe. Basi Mola wa mbingu na ardhi, Naye ndiye aliyempa Daud Zaburi na ufalme na sauti ya kusabihi pamoja na milima, amemfunza Mtume wake kadiri ya msumari! Je, baada ya haya atapatikana Muislamu wa kusema kwamba mambo ya nyundo na msumari ni mambo duni, yasiyomfaa mtoto wa watu?

Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) amekitaja chakula bora kuwa ni kile mtu alichokichuma kwa kazi ya mkono wake, akamtolea mfano Daud huyo huyo. Ibn Hajar, katika sherehe yake, anauliza kwa nini akatajwa Daud khasa miongoni mwa Mitume. Na jawabu yake ni kuwa Daud alikuwa mfalme, hakuwa na dharura ya kufanya kazi, lakini alilichagua lililo bora. Nabii Zakaria naye alikuwa seremala, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Nabii Nuh alifunzwa kuunda jahazi kwa wahyi, na watu wake wakipita na kumcheka. Hao waliocheka khabari yao mwaijua.

Sasa tujitazame sisi. Mposaji akija nyumbani akatajwa kuwa ni karani wa afisi fulani, ijapokuwa mshahara wake haufiki tarehe kumi, hukaribishwa kwa ubani na udi. Akitajwa kuwa ni mwashi, au fundi wa bomba, au mchomeleaji wa vyuma, mama wa binti hukunja uso na mjomba huuliza, “Hana kazi nyengine?” Ugonjwa huu una asili yake, wala si vizuri kuificha. Zamani za utumwa kazi nyingi za mikono zilitupiwa watumwa, na muungwana akajulikana kwa mikono yake laini. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kwa sheria katika mwambao huu. Watu wakawa huru, lakini ile dharau haikufutwa, ikabaki katika vifua vyetu, tukairithisha kana kwamba ni adabu ya dini. Wala si ya dini. Tena si hata ya mababu zetu wote, kwani waliochonga milango ya Lamu, na walioziunda jahazi za Matondoni, na waliofua fedha na kushona ngozi Siyu, walikuwa ni watu wenye majina yao na heshima zao. Na lugha yetu yatushuhudia: neno fundi na neno mwanafunzi ni ndugu wa tumbo moja. Aliyelala kijana na shahada yake ya karatasi, akingojea kuitwa afisini mwaka wa tatu huu, atafakari hilo.

Wanavyuoni wetu wameliweka jambo hili mahali pake. Imam Ghazali, katika mlango wa elimu wa Ihyaa, amehisabu ukulima, ufumaji na ushonaji kuwa ni katika faradhi za kifaya. Maana yake, mji usipokuwa na mtu wa kuzitekeleza, wakazi wake wote wana dhambi. Kisha akawalaumu watu wa zama zake kwa jambo la ajabu: kwamba miji mingi haikuwa na tabibu wa Kiislamu, wakawa wanawategemea watu wa dini nyengine, na ilhali wanafunzi wamesongamana katika fiqhi na mabishano yake, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na vyeo na usimamizi wa mali za wakfu. Ghazali alikufa mwaka 1111. Ungedhani aliandika jana, akiwa amekaa baraza moja ya Mji wa Kale.

Tumeutaja mji, natuuangalie mji mkuu wa nchi yetu, Nairobi, maana ndio kioo. Mji huo haukujengwa na mfalme. Ulikuwa ni kituo cha reli, ambayo ilifika hapo mwaka 1899 ikitokea kwetu Mombasa. Waingereza walipotaka mafundi wa kuijenga waliagiza kutoka Bara Hindi watu karibu 32,000 baina ya mwaka 1896 na mwanzo wa karne iliyofuata, na katika hao walikuwamo waashi, maseremala na wahunzi wengi wa Panjabi, kundi kubwa katika hao wakiwa ni Waislamu. Wengi walirejea kwao. Baadhi yao walibaki na ujuzi wao. Msikiti wa Jamia uliopo katikati ya Nairobi, uliojengwa tangu mwaka 1925 mpaka 1933, ni ukumbusho wa jamaa hao: mafundi walioweza kujijengea wenyewe nyumba ya Mola wao.

Na sisi watu wa pwani tulikuwako, tena mapema. Katika vijiji vya kwanza vya Waafrika wa Nairobi kimoja kiliitwa Mombasa na kimoja kiliitwa Pangani. Wazee wetu walikuwa humo na misikiti yao na nyumba zao za kupangisha, na lugha yetu ikawa lugha ya soko. Vijiji hivyo vilivunjwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili kwisha, watu wakahamishiwa Pumwani. Nyumba ya kupangisha ikivunjwa mwenyewe hubaki mikono mitupu. Ufundi ulio mkononi mwa mtu haumo katika amri ya mkuu wa wilaya yeyote.

Upande wa magharibi wa mji huo, wakati huo huo, mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Huko Thogoto, katika misheni ya Waskoti, watoto wa Kikuyu walifunzwa kusoma na kushika randa na msumeno kwa pamoja. Na mmoja wao, aliyeingia mwaka 1909 na kujifunza useremala, ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ikafungua Kabete chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiafrika, na mwaka wa pili yake, huko huko Kabete, ikafunguliwa Jeanes School ya kutayarisha waalimu wa kwenda vijijini. Hatusemi Mkoloni alikuwa na mapenzi. Alitaka mikono ya bei rahisi kuliko ya Mhindi. Lakini aliyefunzwa kupima tofali hukaa na kipimo chake baada ya aliyemfunza kuondoka. Chuo kile cha 1924 kingaliko kando ya njia kuu iendayo Nakuru, na leo ni Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kabete. Katikati ya mji kikafunguliwa chuo cha Kenya Polytechnic mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya.

Mtu akitoka Jamia leo akaelekea magharibi ataiona juu ya kichwa chake barabara ile ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27, itokayo Mlolongo, ikapita juu ya mji, ikashuka Westlands. Ilianza kujengwa 2020 na kufunguliwa 2022. Waliosimamia kazi ni kampuni ya Kichina, na kampuni hiyo ndiyo itakayoiendesha na kutoza ada kwa muda wa miaka 27 kabla ya kuikabidhi Serikali. Vijana wa Kenya kwa maelfu walifanya kazi humo, wala hatuidharau kazi yao. Lakini nchi isiyo na mafundi wa kutosha hulipa mara mbili: hulipa kujengewa, kisha hulipa kupita. Na kutoka pale barabara inapokomea mpaka lango la chuo cha Kabete ni mwendo mfupi tu wa gari, kupita Kangemi. Mwenye macho ya kuzingatia na apapite siku moja.

Wako watu wema miongoni mwetu wanaokhofu: vyuo hivi si vyetu, waalimu wake wengi si Waislamu, mtoto ataharibika. Khofu ya kumlinda mtoto dini yake ni khofu ya haki, na dawa yake ni kumfunza dini kabla ya kumpeleka na kumtafutia jamaa wema wa kukaa nao. Kumnyima ujuzi si dawa. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, usiku wa khatari kuliko nyusiku zote, kiongozi wake wa njia alikuwa Abdullahi bin Uraiqit, na mtu huyo alikuwa katika dini ya makafiri wa Kikureishi. Alichaguliwa kwa kuwa anazijua njia na ni mwaminifu. Na Muhammad Ali wa Misri mwaka 1826 alipopeleka vijana Ufaransa wakajifunze, aliwafuatishia imamu, Sheikh Rifaa al-Tahtawi wa Azhar. Imamu mwenyewe akarudi na elimu kubwa, akawa mkuu wa chuo cha tafsiri. Hivyo ndivyo ilivyo: mpeleke mwanao na imani yake. (Na hapa tutanabahishe jambo: ile khabari mashuhuri ya kutafuta elimu hata China, wahakiki wa Hadithi wameidhoofisha sana, baadhi yao wameiita ya kuzuliwa. Hatuna haja nayo. Yaliyo sahihi yatosha.)

Tena sisi wenyewe tulijengewa chuo! Mwaka 1951 chuo cha Waislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kilianza kufunza wanafunzi wake, kwa fedha za Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Harub, na Aga Khan, na jamaa wa Kibohora, pamoja na Serikali ya Uingereza. Na shabaha yake ilikuwa ni kuwapatia ufundi Waislamu wa Afrika ya Mashariki yote. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa Wakenya wa dini zote, na hilo ni jema; 1972 kikawa Polytechnic, na 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kiko Tudor, twakipita kila siku. Kila mzee na awahisabu watoto wa mtaa wake waliomo humo, kisha awahisabu waliomo barazani wakitafuna miraa baada ya alasiri. Hesabu hiyo na aifanye mwenyewe, asingoje kuambiwa na sisi.

Najua jawabu itakayoletwa. Itasemwa kuwa pwani imedhulumiwa. Kwamba ardhi zilichukuliwa, na kazi za bandari na za reli mpya wamepewa wengine. Sikatai. Dhuluma ilikuwako na ingaliko, na kuidai haki ni wajibu. Lakini gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilipofunguliwa Mei 2021, pembeni mwake palihitajika waendesha winchi, wachomeleaji, mafundi wa umeme na wa mitambo ya baridi. Nafasi ya namna hii hata akiwa mwajiri ni malaika hawezi kumpa asiyejua. Mdai haki akiwa na ujuzi mkononi, anayemnyima huonekana dhalimu mbele ya watu wote. Akiwa hana, dhalimu hupata udhuru mzuri, naye huusema hadharani. Tumewapa udhuru huo miaka mingi. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kuwekwa juu ya khazina za nchi, hakutaja nasaba yake, nayo ilikuwa nasaba ya Mitume watatu, alitaja kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua.

Kuhifadhi na kujua, yote mawili. Maana ujuzi bila ya uaminifu ni balaa, na uaminifu bila ya ujuzi pia waweza kuua. Tarehe 23 Septemba 2019, huko Ng'ando, upande wa Dagoretti, magharibi ya Nairobi, darasa za shule moja ziliporomoka asubuhi, watoto wakiwa ndani, wakafa wasiopungua saba. Watoto waliagwa na mama zao saa moja iliyopita. Mtume (s.a.w.) amehukumu kuwa mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, akadhuru, ni mwenye kudhamini, na wanavyuoni, khasa wa Kimaliki, wamewadhaminisha mafundi vitu vya watu vinavyoharibika mikononi mwao. Basi anayejenga ghorofa ya nne juu ya msingi wa nyumba ya chini, anayepunguza saruji na kuongeza mchanga, anayevuta nyaya za umeme kwa kubahatisha, asidhani yuko nje ya onyo la Sura ya Mutaffifiin kwa kuwa hana mizani dukani. Karai la saruji nalo ni kipimo. Hapa ndipo amri ya kupima pete na amri ya kutenda mema zilipofuatana katika aya moja, na mimi sioni kuwa zilifuatana kwa bahati.

Vijana wetu wengi huenda Nairobi. Wakifika Kawangware au Kangemi hutafuta mjengo, yaani kazi ya ujenzi, na huingia kama watu wa mkono: kubeba mawe, kuchanganya saruji, kupandisha ndoo. Ni kazi ya halali, na bora kuliko kuomba. Mtume ameisifu hata kamba na mzigo wa kuni mgongoni. Lakini fundi aliye juu ya jukwaa, mwenye timazi na pima maji, ujira wake wa siku mara nyingi hukaribia maradufu ya ule wa mtu wa mkono, na mvua ikinyesha mwenye kuachishwa kwanza si yeye. Tofauti baina yao si nguvu. Pengine mtu wa mkono ndiye mwenye nguvu zaidi. Tofauti ni miaka miwili au mitatu ya uanagenzi, ambayo mmoja aliivumilia na mwengine aliiona mirefu. Naye aliyekwisha kujifunza kwa kutazama, bila ya chuo, na asikate tamaa: yako majaribio ya ufundi ya Serikali, ya daraja ya tatu, ya pili na ya kwanza, yanayosimamiwa na mamlaka iitwayo NITA, na mtu hupimwa kwa kazi ya mikono yake akapewa cheti. Wako watu wenye miaka kumi ya kazi wasiolijua hili, wakapitwa kazini na mtoto mwenye karatasi.

Wala maneno haya si ya wavulana peke yao. Bibi Zainab binti Jahsh, mke wa Mtume, amesifiwa kuwa alikuwa fundi wa mikono, akitengeneza ngozi na kushona, na pato lake akilitoa sadaka. Binti mwenye ujuzi wa uuguzi au wa cherehani au wa hesabu hamwombi mtu akifiwa au akiachwa, na talaka mjini mwetu mwajua zilivyo nyingi.

Tumeulizwa katika darsa, na suala ni zuri: je, yajuzu Zaka kumnunulia kijana maskini vyombo vya ufundi, au kumlipia karo ya chuo? Tumezoea Ramadhani kugawa sarafu mlangoni, mistari ya watu ikizunguka nyumba, na kila mmoja akaondoka na kisichomtosha futari ya siku mbili. Mwaka unaofuata hurudi yule yule, na mwanawe amemshika mkono. Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu yetu ya Kishafi, ameeleza katika Majmuu kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa thamani ya vyombo vya kazi yake, viwe vya thamani ndogo au kubwa, kiasi cha kumtosha kuchuma. Basi jawabu ya vyombo ni kuwa yajuzu, na pengine ndiyo iliyo bora. Ama karo, akiwa kijana ni fakiri naye ameshughulika na kujifunza asiweze kuchuma, hupewa Zaka kwa ufakiri wake, naye ailipe mwenyewe.

Lakini yashikwe masharti yake. Zaka ya fedha kwetu hutolewa fedha. Kwa hiyo usimpelekee msumeno ukauhisabu Zaka. Mpe fedha yake mkononi iwe milki yake, kisha, akipenda, akuwakilishe umnunulie, ukichelea kuwa wauzaji watamghilibu. Asiwe ni mtu ambaye matumizi yake ni wajibu juu yako au juu ya baba mwenye uwezo. Wala hulazimiki kumwambia kuwa ni Zaka, khasa akiwa ni kijana wa nyumba yenye kujisitiri. Na kadiri ya kumpa iangaliwe kwa kuulizwa mafundi wenyewe, si kwa kukisia: mwashi ana mwiko, timazi, pima maji, kamba na nyundo, fundi wa umeme ana koleo, bisibisi, chombo cha kupimia na glovu, mshonaji ana cherehani. Bei zake zaulizwa dukani asubuhi moja. Wallahu aalam.